Namna ya Kuunda Lugha Ndogo ya Kanuni za Biashara: Mfano wa Diko la Samaki Malindi

Katika diko la Malindi, yaani mahali pa kuteremshia samaki, samaki akishawekwa kwenye mizani, maamuzi mengi hufanyika ndani ya dakika mbili tatu: huyu ni wa daraja gani, bei yake ni ipi kwa kilo, tajiri alimkopesha nahodha petroli ya kiasi gani, barafu ilikuwa ya nani, na kinachobaki kigawanywe vipi baina ya chombo, nyavu na mabaharia. Karani mzoefu anayajua yote hayo kwa kichwa, na sehemu yake imo katika daftari lake. Siku biashara inapohamishiwa kwenye kompyuta, maamuzi hayo huandikwa na mtu ambaye pengine hajawahi kusimama mbele ya mizani hiyo, katika msimbo, yaani maandishi ya programu, ambao karani hawezi kuusoma. Tangu hapo hakuna mtu hata mmoja anayeweza kuiangalia kanuni nzima na kusema kama ni sahihi: mwenye kuijua haioni, na mwenye kuiona haijui.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuunda lugha ndogo ya kanuni, yaani lugha ya kompyuta isiyokusudiwa kufanya kila kitu, bali kueleza jambo moja tu kwa maneno ya watu wa jambo hilo. Nilishiriki kuunda lugha ya namna hii kwa mnunuzi mmoja wa samaki hapa Malindi, na mengi ninayoyaandika yametokana na kazi hiyo. Bei na viwango nitakavyovitaja ni vya kuonyeshea tu.

Lugha kama hizi si ngeni, na yeyote aliyefanya kazi na kompyuta amekwisha kuzitumia. SQL, lugha ya kuulizia taarifa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliitangaza mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL, humwezesha mtu kusema anataka taarifa zipi bila kueleza hatua za kuzitafuta. Fomula za lahajedwali, yaani programu za hesabu za jedwali kama Excel, tangu VisiCalc ya mwaka 1979, ni lugha ndogo inayoandikwa kila siku na wahasibu ambao hawajawahi kujiita waandishi wa programu. Kwa upande mwingine ipo COBOL, lugha ya kuandikia programu za biashara, iliyoanza kubuniwa mwaka 1959 kwa matumaini kwamba hata wakuu wa ofisi wangeweza kuisoma kwa kuwa imejaa maneno ya kawaida. Ilienea sana katika mabenki na serikali, lakini kazi ya kuiandika na kuisoma ilibaki mikononi mwa wataalamu. Kwa hiyo maneno ya kawaida peke yake hayatoshi. Lahajedwali ilifaulu kwa sababu mambo yake ni machache na matokeo huonekana papo hapo.

Anza mizanini

Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, kaa na karani asubuhi kadhaa mfululizo, kisha unakili maneno yake kama anavyoyatamka. Usimuulize kanuni zake ni zipi, kwa sababu atakupa zile tatu anazozikumbuka. Ngoja mpaka atoe uamuzi, kisha muulize kwa nini huyu nguru ameandikwa daraja la pili ilhali yule wa uzito uleule ameandikwa la kwanza. Huko ndiko kanuni zinakopatikana. Omba pia daftari la miezi michache iliyopita, kwa kuwa kila mstari uliofutwa au kuandikiwa maelezo pembeni una kanuni ambayo hakuna aliyekutajia.

Andika orodha ya maneno na uilinde. Katika kazi yetu orodha haikufika maneno 40: chombo, nyavu, mashine, nahodha, baharia, fungu, masurufu, barafu, petroli, deni, daraja, uzito, bei, na mengineyo ya aina hiyo. Neno likiwa na maana mbili, simama hapohapo ulitatue. Sisi tulikwama kwenye neno "chombo". Nahodha akisema fungu la chombo, anamaanisha chombo pamoja na mashine yake, ilhali tajiri anayemiliki mashine peke yake huliona fungu hilo kuwa ni mawili. Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza kando ya mizani alitueleza kwa upole, "Wanangu, mashine ina mwenyewe na ubao una mwenyewe, msiwaoze bila ya ruhusa." Tuliyatenga maneno hayo mawili siku ileile, na hilo lilituepusha na ugomvi ambao ungezuka siku ya malipo ya kwanza.

Chagua umbo la lugha

Kuna njia tatu, na uchaguzi unategemea nani atasoma kanuni.

Ya kwanza ni jedwali la maamuzi, ambalo kila safu yake ya wima ni sharti au matokeo, na kila mstari wake ni kanuni moja. Kwa bei na madaraja, sijaona kilicho bora kuliko jedwali. Shirika la Object Management Group lilitoa mwaka 2015 kiwango kiitwacho DMN kwa ajili ya majedwali haya, pamoja na lugha ndogo ya FEEL ya kuandikia masharti. Hata usipotumia zana zake, chukua wazo lake moja: kila jedwali litaje wazi nini kifanyike mistari miwili inapokubaliana na samaki mmoja. Herufi U husema ni lazima mstari mmoja tu ukubali, na F husema wa kwanza ndio ushike. Napendekeza U kila inapowezekana, kwa sababu hapo kompyuta yenyewe inaweza kukagua kama kuna mistari inayogongana au hali iliyoachwa bila jibu.

Ya pili ni lugha ya ndani, yaani kanuni zinaandikwa ndani ya lugha kubwa iliyopo, kama vile Kotlin au Ruby, kwa kutunga majina yanayosomeka vizuri. Njia hii ni nyepesi kwa mwandishi wa programu, kwa kuwa hahitaji kutengeneza kichanganuzi, yaani programu ya kusoma kanuni na kutambua sehemu zake. Ila karani akikosea mkato mmoja hupokea ujumbe wa kosa uliokusudiwa mtu mwingine kabisa. Itumie iwapo wasomaji wa kanuni wote ni wataalamu wa programu.

Ya tatu ni lugha ya nje, yenye sarufi yake mwenyewe. Ina kazi zaidi, lakini mgao wa safari, pamoja na makato na mafungu yake, haukai vizuri ndani ya jedwali. Sisi tuliishia kutumia jedwali kwa bei na lugha ya nje kwa mgao. Hii hapa kanuni moja kamili kama inavyoonekana kwa karani:

KANUNI mgao wa safari ya nyavu
INATUMIKA kuanzia 1/11/2024
TOA KWANZA petroli, barafu, masurufu
BAKI GAWA mafungu 6
  chombo: 1
  mashine: 1
  nyavu: 1
  nahodha: 1
  baharia: 2
ZINAZOSALIA mpe chombo

Mstari wa mwisho unastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndio uliotuchukulia muda mrefu kuliko mingine yote. Chukua safari iliyouza samaki wa shilingi 18,400. Petroli ni 3,600, barafu 600 na masurufu 450, jumla 4,650, hivyo baki ni 13,750. Ukigawanya kwa sita, kila fungu ni shilingi 2,291 na sehemu ya shilingi. Programu iliyoachwa ikadirie yenyewe hupandisha kila fungu hadi 2,292, na mafungu sita hufika 13,752: karani anatakiwa kulipa shilingi mbili ambazo hazimo kwenye kisanduku. Ukishusha hadi 2,291, jumla ni 13,746 na shilingi nne zinabaki mezani. Katika daftari, shilingi hizo nne zilikuwa na mwenyewe siku zote, ingawa hakuna aliyewahi kuitamka kanuni hiyo. Kwa hiyo lugha yetu haikubali kanuni yoyote ya kugawa isiyotaja zinazosalia ziende wapi. Ndani ya msimbo pia, hesabu za fedha zifanywe kwa namba kamili, na si kwa namba za desimali za kawaida za kompyuta, kwa sababu katika mfumo wa jozi, yaani wa 0 na 1 unaotumiwa na kompyuta, thamani kama 0.1 haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu.

Kiswahili kina mahitaji yake

Wengi wanaojaribu kuunda lugha ya kanuni kwa Kiswahili hukata tamaa hapa, wakadhani lugha yetu haifai kwa kazi hiyo. Inafaa sana, mradi uijengee juu ya umbile lake.

Tatizo la kwanza ni upatanisho wa ngeli. Mtu ataandika "uzito unazidi kilo 5", "bei inazidi shilingi 400" na "siku zinazidi 3", na kichanganuzi kisichojua ngeli kitayaona hayo kuwa maneno matatu tofauti. Unaweza kukifundisha viambishi vyote, lakini huko ni kuingia kwenye isimu wakati ulikuja kupima samaki. Njia rahisi ni kuchagua maneno yasiyobadilika: "zaidi ya", "chini ya", "kuanzia", "sawa na". Mtu akisoma "uzito zaidi ya kilo 5" au "siku zaidi ya 3", sentensi ni Kiswahili safi na kompyuta inaona neno lilelile. Vivyo hivyo epuka sifa. Badala ya kuchagua kati ya "samaki wakubwa" na "vyombo vikubwa", andika ukubwa kama jina lenye thamani: "daraja: kwanza", "ukubwa: wastani".

Lakini maneno hayo nayo yawekewe maana moja. Jedwali letu la kwanza lilisema nguru wa zaidi ya kilo 5 ana bei moja na wa chini ya kilo 5 ana bei nyingine. Siku ya pili alipimwa nguru wa kilo 5 kamili, na mfumo haukuwa na jibu. Tangu hapo "kuanzia" hujumuisha namba inayotajwa, "chini ya" haiijumuishi, na maneno "hadi" na "mpaka" yamepigwa marufuku kwenye masharti ya uzito, kwa kuwa tuliwauliza watu watano maana yake tukapata majibu mawili.

Tatizo la pili ni saa, na hapa tulifanya kosa ambalo bado linaniuma. Kanuni ilisema samaki asiye na barafu akiletwa baada ya saa 4 asubuhi hushushwa daraja moja. Karani aliandika "saa 4", nasi tukaiacha kompyuta iisome kama saa ilivyoandikwa kwenye simu, yaani 04:00, ilhali kila mtu hapa pwani anajua kwamba saa nne asubuhi ni 10:00. Asubuhi ile samaki wote wasio na barafu walishushwa daraja, hata wale waliofika alfajiri. Wavuvi walivumilia kwa heshima kubwa, tajiri akarudisha tofauti mchana uleule, lakini imani hairudishwi kwa urahisi kama fedha. Rekebisho lake ni dogo: lugha haikubali saa isiyotajiwa kipindi cha siku. "Saa 4" peke yake ni kosa. "Saa 4 asubuhi" husomwa 10:00, na "saa 4 usiku" husomwa 22:00.

Siku nayo ni hivyohivyo. Kwa wazee wengi siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya kompyuta huuita Alhamisi. Kwa wavuvi wanaopumzika siku ya Ijumaa tofauti hii si ya nadharia. Tulikubaliana kwamba siku ya safari ni tarehe ya samaki kupimwa, tukaiandika hivyo juu kabisa ya faili la kanuni. Misimu hatukuiwekea tarehe hata kidogo. Kusi huanza kuvuma kiasi cha Aprili na kaskazi hurudi kuelekea mwisho wa mwaka, ila bahari haifuati kalenda, na bei huanza kubadilika pale manahodha wanapoona bahari imechafuka, si tarehe inapofika. Kwa hiyo "msimu: kusi" ni thamani anayoitangaza msimamizi, na jina lake huhifadhiwa pamoja na tarehe aliyoitangaza.

Kujenga kichanganuzi na kikokotozi

Sehemu hii huwatisha watu kuliko inavyostahili. Kazi ina hatua tatu: kukata maandishi kuwa tokeni, yaani maneno na namba moja moja, kuzipanga tokeni kufuata sarufi hadi upate mti, yaani mchoro wa namna sehemu za kanuni zinavyoshikana, kisha kuupitia mti huo na kufanya hesabu, ambayo ndiyo kazi ya kikokotozi. Zana za kusaidia zipo tangu zamani, kuanzia Yacc ya Stephen Johnson wa Bell Labs katika miaka ya 1970 hadi ANTLR ya Terence Parr inayotumika sana leo. Lakini kwa lugha ambayo kila mstari wake huanza na neno kuu, kama ile ya mgao hapo juu, kichanganuzi kilichoandikwa kwa mkono kinatosha. Chetu hakikufika mistari 600.

Tumia muda unaouokoa hapo kwenye ujumbe wa makosa. Karani aliyeandika "mafungu 6" kisha akaorodhesha matano asiambiwe kwamba kuna kosa la sintaksia. Aambiwe: "Mstari wa 4 unasema mafungu 6, lakini uliyoyataja ni 5. Fungu moja halina mwenyewe." Ujumbe kama huo humwezesha kurekebisha mwenyewe bila kumpigia mtu simu, na ndipo lugha inapoanza kuwa yake.

Iache lugha ikiwa dhaifu kwa makusudi. Usiweke mizunguko, usiruhusu kanuni kufungua faili wala kuita mtandao, wala kanuni moja kubadilisha thamani iliyokwisha kukokotolewa na nyingine. Ukizingatia hayo, kila hesabu ina mwisho, na kanuni ileile kwa samaki yuleyule hutoa jibu lilelile. Utashawishiwa kuongeza nguvu kidogo kidogo kila mwezi. Ombi likija mara moja, lifanye nje ya lugha. Likija mara ya tatu kutoka kwa watu tofauti, lifikirie.

Kitu kimoja ambacho ningekiongeza mapema zaidi ni neno "isipokuwa". Watu hueleza kanuni kwa kutaja hali ya kawaida kwanza, kisha hali za pekee, na sheria nyingi za nchi zimeandikwa hivyo pia. Watafiti wa Inria, taasisi ya utafiti wa kompyuta nchini Ufaransa, walipounda Catala, lugha ya kuandikia sheria za kodi na posho kama programu, waliuweka utaratibu huo wa kanuni na hali zake za pekee katika kiini cha lugha. Bila hiyo, hali ya pekee hulazimika kurudiwa kama sharti la kinyume ndani ya kila kanuni ya kawaida, na siku ikiongezwa nyingine utasahau mahali pamoja. Kwetu inaandikwa hivi:

KANUNI makato ya deni
KATA robo ya fungu la nahodha
ISIPOKUWA fungu chini ya shilingi 1,000 BASI usikate

Kuhusu injini kubwa za kanuni, yaani programu zilizo tayari za kuendeshea kanuni, nyingi zikiwa zimejengwa juu ya mbinu ya Rete aliyoibuni Charles Forgy katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon miaka ya 1970, nasema kwa kifupi kwamba zinafaa pale kanuni ni mamia na taarifa zinaingia kwa wingi mfululizo. Kwa kanuni 50 utalipa kwa ugumu wa kujua ipi itatangulia, bila kupata faida ya kasi.

Tarehe, maelezo na majaribio

Kanuni isifutwe kamwe. Bei ikibadilika, andika toleo jipya lenye tarehe yake ya kuanza kutumika na uliache la zamani mahali pake, ili nahodha anayekuja Januari kuulizia risiti ya Oktoba akokotolewe kwa kanuni za Oktoba. Kila hesabu ihifadhi pia majina ya kanuni ilizozitumia na namba za matoleo yake, kisha iyachapishe kwa Kiswahili chini ya risiti: "Daraja la pili kwa sababu hakuna barafu na amefika saa 5 asubuhi." Kwetu mstari huu mmoja ulipunguza mabishano ya mizani kuliko kitu kingine chochote tulichokiongeza.

Majaribio yaandikwe na karani. Mpe karatasi yenye nafasi tatu: kilicholetwa, kinachotakiwa kulipwa, na sababu. Achague mwenyewe safari 20 kutoka kwenye daftari lake, zikiwemo zile zilizozua ugomvi, na mfumo uzikokotoe zote kila kanuni inapoguswa. Zikitofautiana, usidhani daftari ndilo lililokosea. Katika safari zetu 20 za kwanza, tatu zilitofautiana: moja ilikuwa makosa ya karani ya kujumlisha, na mbili zilikuwa kanuni ambazo hatukuwahi kuzisikia, ikiwemo ile ya samaki wa kitoweo, wanaotolewa kwa mabaharia kabla ya chochote kupimwa. Kanuni hiyo sasa ni mstari wa kwanza katika faili la mgao, juu ya TOA KWANZA.

Mwisho, chapisha faili zima la kanuni kwenye karatasi, ulisome kwa sauti mbele ya karani, tajiri na angalau nahodha mmoja, mstari kwa mstari, na mwenye kanuni aseme "ndivyo" au "sivyo" kabla ya kwenda kwenye mstari unaofuata. Mstari usioweza kusomwa kwa sauti bila ya wewe kuufafanua uandikwe upya. Usomaji wetu wa kwanza ulichukua saa mbili na nusu, tukarudi na mistari 11 ya kurekebisha; wa pili ulichukua dakika 40, na tajiri akatia saini kila ukurasa.